Kuanzia Katikati ya Daraja

Nimekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nimekufa nikiwa mateka, nikiwa mlinzi wa geti, nikiwa mpita njia asiye na hatia. Siku moja nilikufa kabla filamu haijaanza, kwa sababu nilitua juu ya paa, nikageuka kuwasalimia wenzangu, nikaanguka. Wenzangu walisema ni kazi nzuri, wakaiacha kwenye rekodi.

Tuko wanne. Tulikulia pamoja Kanoni, tukicheka mambo yaleyale na kuchapwa fimbo zilezile. Mmoja amebaki hukohuko, analima kahawa na migomba kwenye shamba la baba yake. Wa pili, mwanamke pekee kati yetu, ni nesi kwenye zahanati moja Kimuli. Wa tatu anaendesha bodaboda Murongo, mpakani kabisa, mahali ambapo ukiishika simu kwa mkono wa kushoto uko Tanzania, na ukiihamishia wa kulia unapokea ujumbe wa kukukaribisha Uganda. Wa nne ni mimi, niliyekwenda Dar es Salaam kusoma, nikaandika riwaya moja, kisha nikarudi kwa mama kuandika ya pili.

Kinachotukutanisha ni gemu la kwenye simu. Watu mia wanamwagwa kutoka angani juu ya kisiwa, kila kikosi kina watu wanne. Wanaokota bunduki, wanawindana, na uwanja unazidi kupungua kwa duara linalowabana, mpaka kibaki kikosi kimoja. Hicho ndicho kinachoshinda. Sisi hatujawahi kushinda, wala hatujaribu. Tunaingia mle kuigiza upya filamu za mapigano tulizoziona utotoni, katikati ya watu tisini na sita wasio na habari kwamba kuna filamu inaendelea. Wao wanatuona tumesimama kwenye mstari, mmoja amepiga magoti, wengine wanamzunguka polepole, basi wanatumaliza. Nahisi kuna watu huko duniani wanaoamini kwamba sisi ni wagonjwa.

Nesi ndiye mwongozaji. Anapiga risasi kwa utulivu wa mtu anayechoma sindano, na hakuna anayethubutu kubishana naye, maana ana sauti ile ya kusema “vua shati” ambayo mwili unaitii kabla ya akili. Mwendesha bodaboda ndiye anayeendesha magari yote, na kila akimwona mtu barabarani, hata adui mwenye bunduki, anampigia honi na kupunguza mwendo. Mkulima ndiye anayerekodi skrini. Mimi ndiye ninayekufa.

Siku moja nesi akasema, “Jumapili tunafanya Daraja.”

Tukicheza huwa tunaongea kwa spika za masikioni. Nilisikia kuku wa mkulima wakichakura.

“Daraja lenyewe?” mwendesha bodaboda akauliza.

“Lenyewe. Mpaka mwisho.”

“Aisee. Nani stelingi?”

“Wewe, mpaka katikati ya daraja. Mkulima ni yule rafiki aliyejeruhiwa.”

“Kila siku mimi nimejeruhiwa,” mkulima akalalamika.

“Kwa sababu kila siku unatutoroka katikati ya mechi kwenda kugeuza kahawa juani. Mimi ni Jenerali. Na kuanzia katikati ya daraja”, hapo sauti yake ikalegea kidogo, kitu ambacho wagonjwa wake nadhani hawajawahi kukisikia, “ni wewe, Mwandishi. Mwisho ni wako.”

“Haki yake,” akasema mwendesha bodaboda.

“Kabisa,” akasema mkulima.

“Ila tafuta nguo,” nesi akaendelea. “Nyeupe, ndefu. Usije na lile koti lako la madoa ukatuharibia.”

Nilikuwa nimeomba nafasi ya maana tangu tuanze mchezo huu. Sasa nimepewa, tena ile kubwa kuliko zote, nikafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Nikasema maneno ambayo nimekuwa nikiyasema kwa zaidi ya miaka ishirini kila filamu hiyo inapotajwa.

“Mwisho ule, acha tu.”

“Acha tu!” wakaitikia wote.

Shida ilikuwa moja. Mimi mwisho wa filamu ya Daraja sijawahi kuuona.

*

Tuliita Daraja kwa sababu hatukujua jina lake. Sidii ilivuka kutoka Uganda, ndani ya karatasi ya gazeti, bila kava. Stelingi wake alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyesalitiwa na Jenerali wake. Kwa saa moja na nusu mwanajeshi huyo alipigana na kila mtu, kisha akafika kwenye daraja refu huku amembeba rafiki yake aliyejeruhiwa, na upande wa pili Jenerali akawa anamsubiri, kidole chake kikiwa juu ya kitufe cha kulipua daraja lote.

Tuliiona kwenye kibanda umiza cha Kanoni, cha mabati na maturubai, chenye televisheni moja ya chogo na jenereta lililokohoa nje kama mzee aliyevuta tumbaku. Mwenye kibanda alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu yake aliletwa huku na biashara kutoka Pangani. Alikaa pembeni ya televisheni na maikrofoni, akitusimulia filamu kwa Kiswahili. Sisi nyumbani tulizungumza Kinyambo. Kiswahili chetu kilikuwa bado na matope ya shambani. Chake kilivaa kanzu. Tulimwita Mtafsiri, ingawa leo najua alikuwa anafanya jambo la ajabu zaidi. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, juu yake kulikuwa na mtu mwingine aliyekwisha kuisimulia kwa Kiganda, na Mtafsiri wetu hakukijua Kiingereza wala Kiganda. Alikuwa akiwatazama watu wanavyokunja uso na kuwapa maneno yanayowafaa.

Kila filamu aliihamishia kwetu. Jenerali alikaa peke yake mezani, anakula kitu kwenye bakuli la fedha, na walinzi wamesimama. “Mwoneni!” Mtafsiri akanguruma. “Anakula senene peke yake! Watu wamesimama mlangoni, hata karibu hasemi! Jamani, huyu ni mtu?”

“Si mtu!” tukapiga kelele, maana kwetu senene, wale panzi wa kukaanga, hawaliwi na mtu peke yake.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza kumtambua adui: ni yule asiyekaribisha. Stelingi na rafiki zake, kabla ya pambano la mwisho, walikuwa wanatafuna kitu, nadhani ilikuwa jojo. Mtafsiri akasema ni kahawa ya kutafuna, ile kavu tunayompa mgeni akishakaa, na akatangaza kwamba watu wakishagawana kahawa, hakuna wa kupigwa risasi mpaka wameze. Tulimwamini. Hadi leo, kwenye gemu, kabla ya kila pambano la mwisho tunasimama kwenye uwanja wa nyumba fulani, mmoja anaweka chini vidonge vya kutuliza maumivu, hiyo ndiyo kahawa, na kila mmoja anainama kuokota kimoja na kushukuru. Tumeuawa mara zisizohesabika tukikaribishana. Watu wa mataifa mengine hawana adabu.

Shule nayo ilipata taabu. Siku za mwanzo za darasa la kwanza mwalimu aliniita mbele, akaniuliza kwa upole kazi ya nyumbani iko wapi. Kiswahili pekee nilichokuwa nacho kilikuwa cha kibandani, nikasimama wima na kumjibu, “Bosi, mzigo umekamatwa bandarini.” Nilidhani nimeomba radhi.

Sasa, siku ya Daraja ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na miaka minane na nilitakiwa kuwa kanisani, nyuma kabisa, mahali ambapo mama angeweza kuniona kutoka kwenye kwaya. Niliondoka wakati wa matangazo. Nilikuta filamu iko karibu na daraja. Stelingi akaanza kuvuka, rafiki yake begani, risasi zinapiga vyuma. Mtafsiri alikuwa amesimama, shingo imemtoka mishipa. Hatua kumi. Ishirini. Katikati kabisa ya daraja.

Mlango ukafunguka, mwanga wa saa saba mchana ukaingia kibandani, na ndani ya mwanga huo alisimama mama yangu akiwa bado na joho lake jeupe la kwaya.

Watoto wapatao hamsini, gizani, katikati ya vita, wakasema kwa sauti moja, “Shikamoo mama!”

Maana mtu mzima akiingia unamwamkia. Haijalishi nani anakaribia kulipuliwa.

“Marahaba,” akajibu mama. Hakuuliza mwanawe yuko wapi. Alinyoosha mkono gizani, akashika sikio, na sikio lilikuwa langu. Alinivuta hadi nyumbani, kutoka senta, kupita mashine ya kukoboa kahawa, kupita kanisa lenyewe ambako wazee wa usharika walikuwa bado wanaagana, na kila tuliyepishana naye aliamkiana na mama kwa utulivu kana kwamba mama amebeba kikapu.

Kesho yake shuleni wenzangu waliniambia nimekosa. Nikasema sikukosa, nilitoroka tena jioni nikaumalizia. Wakaniuliza, enhe, ukauonaje ule mwisho? Nikajibu, “Mwisho ule, acha tu.” Walicheka sana, wakanipiga mgongoni. Nikaona jibu limefaa, nikakaa nalo. Mama hakuniacha tena nikanyage kibandani, kibanda kikahamishwa, sidii ikapotea, na uongo wangu ukakua pamoja nami, ukaenda chuo kikuu, ukaingia hata kwenye mahojiano niliyowahi kufanyiwa kuhusu fasihi, ambako nilisema kwamba mwisho wa filamu moja ya utotoni ndio ulionifundisha kuandika.

*

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Kayanga, kumtafuta Mtafsiri. Anauza sufuria, taa za sola na maturubai, na nadhani baadhi ya maturubai nayafahamu. Ndevu zimekuwa nyeupe. Sauti ni ileile.

“Asalaam alaykum, mzee. Shikamoo.”

“Waalaykum salaam. Marahaba. Unataka sufuria ya watu wangapi?”

“Sitaki sufuria, mzee. Nataka kujua filamu ya Daraja iliishaje.”

Akafuta kiti kwa kanga iliyokuwa juu ya rafu, akanionyesha nikae. Akanipa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikopo. Nikaelewa kwamba mpaka nimeze niko salama.

“Ile iliyokuwa inagoma?” akauliza.

“Ilikuwa inagoma?”

“Mwanangu, ile sidii haikufika mwisho hata siku moja. Ilikuwa na mkwaruzo kama barabara ya huko kwenu. Ikifika katikati ya daraja, kwisha. Picha imeganda, stelingi mguu mmoja hewani, Jenerali mdomo wazi. Na mimi nina watoto hamsini mle ndani, wengine wamekalia waya za jenereta. Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

“Ningewaambia ukweli.”

“Ukweli!” Alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali. “Kazi yako ni nini wewe?”

“Mwandishi wa riwaya.”

“Na unathubutu kukaa hapo kuniambia habari za ukweli.”

“Kwa hiyo ulitunga mwisho.”

“Kutunga mnatunga ninyi. Mimi nilimalizia kazi ya watu.”

“Uliimaliziaje?”

“Ilitegemea siku. Siku ya gulio watu wanataka nguvu, nikamtupa Jenerali mtoni, viboko wakampokea. Krismasi akatubu, maana watoto wa Kikatoliki na wa Kilutheri wamejaa wote, nani atakubali mtu auawe? Ramadhani nilikuwa na swaumu, nikammaliza haraka haraka. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikukibadilisha.”

“Kitu gani?”

Badala ya kunijibu akaniuliza, “Wewe ulisema ni mtoto wa nani?”

Nilikuwa sijasema. Nikamweleza: nyumba iliyo juu ya mashine ya kukoboa kahawa, mama yuko kwaya ya usharika, sauti ya pili.

Mzee alianza kucheka taratibu, kisha kwa mabega, kisha akalazimika kushika rafu, na sufuria zikacheka naye. Nilikaa na aibu yangu ya mtoto wa miaka minane, nikidhani anakumbuka nilivyoburutwa. Alipomaliza alifuta macho kwa ileile kanga.

“Basi nisimulie, mzee. Kesho natakiwa kuucheza.”

“Hapana. Mwisho hausimuliwi dukani kwa mtu mmoja, kama vile tunapanga mahari. Niletee watu.”

“Mmoja yuko Murongo, mwingine Kimuli, mwingine Kanoni.”

“Si umesema mnasikizana kwenye simu? Uje nayo hapa kesho. Nami niwasikie hao mbwa wadogo walivyokua.”

*

Jumapili mama aliporudi kutoka kanisani nilimwambia naenda Kayanga kwenye mambo ya fasihi. Saa tisa alasiri nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta, kati ya maturubai mawili, na Mtafsiri kwenye kigoda pembeni yangu na miwani yake. Mpango wangu ulikuwa wa kitoto: tukifika katikati ya daraja, mzee ataninong’oneza la kufanya, nami nitalifanya, na hakuna atakayejua. Sikuwaambia wenzangu kwamba yupo. Nguo nyeupe nilikuwa nimeipata humo kwenye gemu, koti refu kama la daktari, linalofika kwenye vifundo vya miguu.

“Upo, Mwandishi?” nesi akauliza.

“Nipo.”

“Umevaa?”

“Nimevaa.”

“Hebu geuka. Sawasawa kabisa. Hata mwendo.”

Sikujua mwendo wa nani.

Siku hiyo kila kitu kilikwenda vizuri kiasi cha kutia wasiwasi. Tulitua mbali na watu. Mwendesha bodaboda akapata gari, akawapigia honi maadui wawili nao kwa mshangao wakatupisha. Tulifanya kahawa yetu kwenye uwanja wa nyumba ya bluu, vidonge vinne chini, tukainama mmoja mmoja, tukashukuru, na hakuna aliyetupiga risasi. Mzee alichungulia skrini akauliza, “Hapo mnafanya nini?” Nikamnong’oneza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kisha daraja. Ni refu, la chuma, linatoka kisiwani kwenda kisiwa kingine, na chini yake maji hayaendi popote. Nesi akatangulia, akasimama upande wa pili akiwa Jenerali. Mwendesha bodaboda akaanza kuvuka, na pembeni yake mkulima akitambaa na kugumia kwa maumivu, kwa kweli akigumia vizuri sana. Mimi nikabaki mwanzo wa daraja na koti langu.

“Ishirini,” mwendesha bodaboda alihesabu hatua, sauti imekauka. “Thelathini. Nimefika. Mwandishi, ingia.”

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama skrini.

“Mwandishi, ingia,” nesi akarudia.

Hapo ngurumo ikapiga, si kwenye gemu, bali Kanoni. Tukasikia kuku wakikimbia, turubai likipigwa na upepo, na mkulima akisema, “Mungu wangu, kahawa!” Kishindo cha simu kutupwa kwenye kikapu. Kisha mvua.

Askari wake akaganda palepale darajani, goti moja chini. Stelingi hakuweza kumwacha, naye akaganda. Jenerali akaganda upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeganda tangu mwanzo. Duara lilikuwa linakuja nyuma yetu polepole, na daraja zima likawa picha moja isiyocheza.

“Imegoma,” mzee akasema kwa sauti ndogo sana.

Alinishika kifundo cha mkono, akavuta simu hadi mdomoni mwake huku vidole vyangu vikiwa bado juu yake, na akapiga kelele kwa sauti iliyofanya mtu aliyekuwa akipita nje ya duka asimame.

“Tulieni! Tulieni nyote! Sidii haijafa, inapumua!”

Kwenye maiki ya Murongo nikasikia mtu akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji.

“Ni yeye,” akasema mwendesha bodaboda. “Jamani, ni yeye.”

“Daraja limenyamaza!” Mtafsiri akaendelea. “Stelingi risasi zimekwisha! Rafiki damu zimekwisha! Jenerali anacheka, kidole kiko juu ya kitufe. Nani atawaokoa? Jeshi? Limekimbia! Polisi? Wamekwenda kula! Ghafla, oneni kule! Kule mwanzo wa daraja! Anakuja mama mmoja. Amevaa joho jeupe la kwaya. Hana bunduki. Hana hata mkoba. Ametoka kanisani, ameacha ndizi jikoni, na hana muda na mtu!”

“Shikamoo mama!” wakasema nesi na mwendesha bodaboda kwa pamoja, watu wazima, mmoja akiwa na sare ya kazi na mwingine akiwa amekalia pikipiki karibu na forodha.

Nikaelewa kwa mpigo mmoja. Nilielewa koti jeupe, na haki yake, na mwendo. Siku ile mama aliponitoa kibandani, sidii iligoma nyuma yetu dakika hiyohiyo, na Mtafsiri, akiwa na picha iliyoganda na watoto hamsini wanaotaka mwisho, alitumia kile ambacho wote walikuwa wametoka kukiona. Kuanzia siku hiyo, gulio au Krismasi, viboko au toba, kwanza aliingia mama yangu. Kanoni nzima ilimjua. Mtu mmoja tu ndiye hakuwahi kuusikia mwisho huo, kwa kuwa wakati unazaliwa alikuwa anaburutwa nao barabarani.

Vidole vyangu vikaanza kutembea vyenyewe. Sikukimbia. Yeye hakukimbia. Nilikwenda kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba unayemfuata hana pa kwenda. Nikampita mkulima aliyepiga goti, nikampita stelingi, ambaye aliinama nilipopita.

“Marahaba,” akajibu Mtafsiri kwa sauti ya mwanamke, na nikaapa kwamba ilikuwa sauti ya pili. “Na wewe Jenerali, nani kakuruhusu kuchezea kitufe hicho? Baba yako anajua uko huku? Haya, akamfikia! Jenerali anatetemeka! Mama akanyoosha mkono, akamshika sikio la kushoto, akalizungusha, kitufe kikaanguka mtoni, na akamvuta! Akamvuta! Akamvuta mbele ya jeshi lake lote, na jeshi lote likasema—”

“Shikamoo mama!”

Nesi alimchutamisha Jenerali wake. Hakuna kitufe cha kuvuta sikio kwenye gemu lile, lakini ukichutama na kumfuata mtu karibu kabisa, inaonekana vilevile. Tukatembea hivyo, mimi wima na koti jeupe, Jenerali mwenye nyota zote amekunjamana ubavuni, tukirudi kuelekea nyumbani. Tulibakiza hatua tatu kufika ukingoni. Kisha kikosi cha watu nisiowajua kikatokea nyuma ya mwamba na kutuua sote.

Hakuna aliyejibu risasi. Sidhani kama kuna aliyekumbuka kwamba ana bunduki.

“Safi sana,” mzee akasema, akanirudishia mkono wangu.

Nesi ndiye aliyezinduka kwanza. “Mzee, shikamoo. Tumefurahi mno. Ila ngoja kidogo. Kwa nini umesimulia wewe? Mwandishi ndiye alitakiwa kusema maneno ya mama yake.”

“Huyu?” Mtafsiri akasema, bila huruma yoyote. “Huyu hajui kitu. Alikuja jana kuniuliza. Angeuonea wapi mwisho, na sikio lake lilikuwa tayari liko njiani?”

Nikamsikia mwendesha bodaboda akishuka kwenye pikipiki.

“Miaka yote,” akasema mwendesha bodaboda. “Acha tu, acha tu. Kumbe!”

“Nilitaka kuwaambia,” nikasema.

“Lini? Kwenye mazishi yangu?”

“Kumbe ndiyo maana,” nesi akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akitafuta ugonjwa kwa muda mrefu na sasa ameuona, “kitabu chako hakina mwisho.”

“Mimi nilidhani kurasa zimenyofoka,” akasema mwendesha bodaboda. “Nilimlaumu aliyeniazima.”

Wahakiki wawili waliwahi kuuita mwisho wa riwaya yangu mwisho ulio wazi, na niliwashukuru. Nilikaa kati ya maturubai nikiwa nimekamatwa, masikio yote mawili yakiwaka moto, na ajabu ni kwamba nilikuwa nacheka.

Mkulima akarudi, anahema. “Nimeiokoa yote. Tumefika wapi?”

Askari wake alikuwa bado hai. Wale wageni walimpita palepale darajani, nadhani walidhani ni sehemu ya chuma.

“Imeisha,” nesi akamwambia.

“Imeisha? Na rekodi?”

“Wewe ndiye uliyekuwa unarekodi.”

Tukasikia akitoa simu kikapuni, akiifuta kwenye shati. Rekodi ilikuwa imekatika kwenye ngurumo.

“Basi nisimulieni,” akasema kwa unyonge. “Ulikuwaje?”

Wote wakanisubiri. “Mwisho ule,” nikaanza.

“Usithubutu,” nesi akasema.

Nikasimulia, kuanzia katikati ya daraja, mpaka ukingoni, bila kuruka kitu. Mzee alinisahihisha mara mbili.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anamenya ndizi. Nikakaa kwenye kigoda na kumweleza kila kitu, hata kutoroka wakati wa matangazo, ambako alisema alikujua tangu siku ileile. Alisikiliza huku kisu kikienda.

“Kwa hiyo nimekuwa kwenye sinema,” akasema.

“Miaka kadhaa, mama.”

“Na nilifanya nini hasa?”

“Ulimshika Jenerali sikio la kushoto, ukamvuta.”

Kisu kikasimama. “La kushoto? Wewe nilikushika la kulia.”

“Mzee amesema la kushoto.”

Alifikiri. Akaweka ndizi chini, akanyoosha mkono wa kulia mbele yake hewani, kumshika mtu ambaye hayupo, kisha akaugeuza kidogo kana kwamba mtu huyo amempa mgongo.

“Wewe ulikuwa umenipa mgongo,” akasema. “Huyo tulikutana uso kwa uso. Ee, ni la kushoto. Mzee yuko sahihi.” Akaokota ndizi. “Na joho, alisema lilikuwa jeupe?”

“Jeupe.”

“Alisema safi?”

“Hakusema, mama.”

“Ungemuuliza,” akasema, akaendelea kumenya.